Kuweka Sawa Kebo ya Gia za Otomatiki: Mwongozo kwa Mafundi wa Keroka

Mwongozo huu ni wa fundi anayeletewa gari kuukuu la otomatiki na kuambiwa kwamba giaboksi imekufa. Kabla ya kuikubali hukumu hiyo, na kabla ya mwenye gari kutumwa Kisii au Nairobi kutafuta giaboksi ya mtumba, kuna kitu kimoja cha kukagua kwanza: kiungo kinachounganisha leva anayoishika dereva na giaboksi yenyewe. Kiungo hicho kikisogea milimita chache tu kutoka mahali pake, gari zima huonekana bovu. Injini hunguruma bila gari kwenda, stata hukataa kuzunguka, rivasi hugoma, au, na hili ndilo baya kuliko yote, gari lililoegeshwa huteremka lenyewe.

Keroka ina sababu zake za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mji umekaa juu ya mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Sotik, na njia nyingi zinazoiacha barabara hiyo hupanda au kushuka mlima. Gari likiegeshwa mbele ya duka au penye kituo cha kununulia majani chai, aghalabu linasimama kwenye mteremko, na watoto wanapita mbele yake. Tena huku mvua haina msimu mmoja. Matope hurushwa chini ya gari sehemu kubwa ya mwaka, maji hupenya ndani ya ganda la kebo, na kutu hufanya kazi yake polepole bila mtu kuiona.

Kiungo hiki kinafanya nini

Katika Corolla, Sunny, Probox na magari mengine yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kiungo ni kebo: waya wa chuma unaoteleza ndani ya ganda. Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark II za zamani au Mercedes za W123, utakuta fimbo za chuma zenye bushi kila zinapoungana. Iwe kebo au fimbo, ncha yake hushika mkono mdogo wa chuma ubavuni mwa giaboksi. Katika mwongozo huu tutaita cha dereva leva na hiki cha chini mkono, ili visichanganywe.

Mkono huo huzungusha shafti yenye kazi tatu kwa mpigo mmoja. Ndani ya giaboksi huvuta vali inayoamua oili yenye presha iende kwenye klachi gani. Huingiza na kutoa kidole cha chuma kinachofunga giaboksi katika P. Na kwa nje huzungusha swichi ya nyutro, ile inayoiruhusu stata kuzunguka katika P na N peke yake na kuwasha taa za rivasi katika R.

Kwenye shafti hiyo, ndani, kuna bamba lenye mabonde, moja kwa kila nafasi: P, R, N, D, 2, L. Springi yenye kijigurudumu hutumbukia bondeni kila nafasi inapofikiwa, na ule mshtuko mdogo unaousikia mkononi ukihamisha gia ndio huo. Mabonde hayo ndiyo yanayosema kweli. Herufi zilizoandikwa kando ya leva, au taa za dashibodi, zinatoa habari tu, na zinaweza kutoa habari za uongo. Kwa hiyo kanuni ya kazi yote hii ni moja: leva hupangwa ifuate giaboksi. Fundi anayeanza juu, akaiweka leva vizuri kwenye herufi halafu akakaza nati chini bila kujua mkono umekaa bonde gani, amefanya kazi kinyumenyume, hata kama gari litaondoka gereji likitembea.

Litatembea, ndiyo, na hapo ndipo hasara inapojificha. Vali ikikaa nusu njia kati ya N na D, tundu la oili hufunguka nusu. Presha inayofika kwenye klachi huwa ndogo, klachi hushika huku zikiteleza, na kuteleza huzaa joto. Dereva huhisi gari linachelewa kuvuta asubuhi, anaongeza mafuta kwa mguu, na gari linaruka mbele. Baada ya muda oili inageuka kahawia na kunuka kuungua. Mteja anarudi na giaboksi iliyokufa kweli, na chanzo chake kilikuwa nati moja.

Upande wa P hatari ni ya maisha. Mnamo 1980 wizara ya uchukuzi ya Marekani na kampuni ya Ford zilimaliza mvutano mkubwa kuhusu magari yaliyotengenezwa kuanzia 1966, ambayo madereva walilalamika kwamba waliyaacha katika P injini ikinguruma, kisha yakaingia rivasi yenyewe. Leva ilikuwa imekaa kati ya P na R bila kuingia bonde lolote, na mtikisiko ukaimalizia safari. Wamiliki wa magari yapatayo milioni 23 walitumiwa kibandiko cha onyo cha kubandika ndani ya gari. Nakitaja kisa hiki kwa sababu gari lililosawazishwa vibaya katika gereji yetu linaweza kufanya jambo lile lile, na hapa hakuna atakayemtumia mama mwenye kibanda kando ya barabara kibandiko chochote.

Dalili, na vinavyofanana nazo

Anza kwa kumsikiliza dereva, kisha jaribu mwenyewe. Gari linalowaka katika N lakini si katika P, au linalowaka tu ukiisukuma leva kidogo huku umeshika ufunguo, lina kiungo kilichosogea au swichi ya nyutro iliyolegea. Taa za rivasi zinazowaka leva ikiwa N zinasema hivyo hivyo. Ufunguo unaokataa kutoka ingawa leva imefika P ni dalili nyingine, kwa magari yenye kufuli ya ufunguo. Na ukiweka P kisha ukasikia mkwaruzo wa tak-tak-tak gari linaposogea kidogo, kidole cha P kinagonga meno bila kuzama.

Lakini si kila gari linaloteleza lina kosa la kebo. Pima oili kwanza. Katika Toyota za zamani zenye kijiti cha kupimia, gari lisimame pahali sawa, injini iwe na joto na inanguruma polepole. Pitisha leva P hadi L na kuirudisha P, kisha usome kijiti upande ulioandikwa HOT. Aina ya oili mara nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe au kitabuni, na haibadilishwi kwa kuwa duka la jirani lina nyingine. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, mweleze mwenye gari kweli: kebo itasawazishwa, lakini klachi zilizoungua hazitarudi.

Kuna pia kebo ya pili inayochanganya wengi. Giaboksi nyingi za Toyota za miaka ya 1980 na 1990 zina kebo nyembamba inayotoka kwenye throtli kwenda ndani ya giaboksi. Hiyo haihusiani na leva. Inaiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, na kwa habari hiyo presha hupanda au hushuka na gia hubadilika mapema au kwa kuchelewa. Kipimo chake ni chake: throtli ikiwa wazi kabisa, nafasi kati ya mwisho wa ganda la mpira na kituo kilichobanwa kwenye waya iwe kati ya milimita 0 na 1. Ukikuta gari linabadilisha gia kwa kishindo au linachelewa kuingia gia ya juu, angalia huko. Usiiguse nati ya leva kutibu ugonjwa wa throtli.

Halafu tikisa injini kwa mkono. Mauntingi zilizokatika huiacha giaboksi ihame kila gari linapovuta, na kebo huhama nayo. Ukisawazisha juu ya mauntingi mbovu utasawazisha tena mwezi ujao.

Kabla ya kushika spana

Hapa naomba fundi asiruke mstari. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, P hufunga magurudumu hayo mawili kwa pamoja kupitia difu. Ukiinua gurudumu moja la mbele kwa jeki, lililoinuka linaweza kuzunguka kinyume huku lililobaki chini likibingirika, na gari likashuka kwenye jeki ingawa leva imesimama P. Mafundi wengi wanaamini P inatosha. Haitoshi, na kwa kazi hii hata hiyo P yenyewe ndiyo inayoshukiwa. Vuta breki ya mkono, weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, na utafute pahali tambarare hata kama ni kulisukuma gari hadi upande wa pili wa uwanja. Jiwe la mviringo si kabari. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Stendi mbili ni bei ndogo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali pa kazi, pamoja na gereji ya mabati isiyo na ukuta, na mwanafunzi unayemfundisha ni jukumu lako mbele ya sheria hiyo.

Habari njema ni kwamba katika Corolla na magari ya namna yake huna haja ya kuingia chini. Mkono wa giaboksi hufikiwa kwa juu, ukitoa kasha la klina ya hewa na mara nyingine betri na sinia yake. Kabla ya kutoa betri peleka leva N, kwa maana magari mengi kuanzia miaka ya 1990 hufunga leva katika P umeme ukikatika. Ukishafika N giaboksi hailizuii tena gari, ndiyo sababu kabari zilitangulia. Ondoa waya wa hasi kwanza.

Kazi yenyewe

Osha eneo la mkono kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, ulipanguse likauke. Matope yaliyokauka hapo huficha nyufa. Sasa shika ncha ya kebo uitikise. Bushi yake ni ya plastiki au mpira, na baada ya miaka ishirini huwa imepasuka, imekuwa na tundu lenye umbo la yai, au haipo kabisa. Ikiwa ncha inacheza juu ya pini yake, simama. Kusawazisha hakutibu mchezo wa bushi. Leo utapata N safi, kesho mchezo ule ule utaipeleka kwingine. Badilisha bushi kwanza.

Mwambie msaidizi ahamishe leva taratibu huku ukitazama mkono; kama betri imetolewa, asiingize P, upande huo uukague betri ikirudi. Unatafuta kama waya unateleza bila kukwama, kama ganda la kebo limeshikwa imara kwenye kibano chake, na kama mkono unafika mwisho pande zote mbili. Waya unaokwama au kurudi kwa kuchelewa una kutu ndani. Usiumwagie oili ya injini ukidhani umeponya. Kebo hiyo inabadilishwa.

Kama vyote ni vizima, legeza nati inayobana kebo kwenye mkono, kiasi cha pini kuteleza kwenye ufa wake, bila kuiondoa. Magari mengine huwa na kirekebisho kwenye kebo yenyewe, au chini ya leva ndani ya gari, lakini hatua zinazofuata hazibadiliki.

Kwa mkono wako, sukuma mkono wa giaboksi hadi mwisho wa upande wa P. Katika giaboksi nyingi za Toyota za kuvuta mbele, upande huo ni wa kulia mwa gari; katika zile za kusukuma nyuma, mkono husukumwa kuelekea nyuma. Kama huna uhakika, na gari ni la kuvuta mbele, inua gurudumu moja la mbele, kabari zikiwa mahali pake, ulizungushe: katika P litagoma, katika N litazunguka. Kutoka mwisho huo rudisha mkono mabonde mawili ukiyahesabu kwa hisia, la kwanza R, la pili N. Usikisie kwa macho. Bonde husikika kwenye vidole, na ukipotea rudi mwisho wa P uanze upya, maana hesabu iliyotiliwa shaka haifai kitu.

Mkono ukiwa umetulia katika bonde la N, msaidizi aweke leva katika N, kisha aisukume kidogo sana kuelekea R na kuishikilia hapo. Msukumo huo mdogo unameza ulegevu wote uliobaki kati ya leva na kebo. Akishikilia hivyo, kaza nati. Zuia mkono kwa spana ya pili unapokaza, la sivyo nguvu ya kukaza itauzungusha na kuutoa katika bonde ulilolitafuta kwa subira. Nati hii si ya kukazwa kwa uzito wa mwili. Katika Toyota nyingi hukazwa karibu newton-mita 13, nguvu ya kifundo cha mkono kwa spana fupi, na kitabu cha gari husika ndicho mwamuzi.

Baada ya hapo tazama swichi ya nyutro, kwa kuwa mara nyingi fundi aliyetangulia aliizungusha ili gari liwake badala ya kurekebisha kebo. Giaboksi ikiwa N, legeza boliti zake mbili, linganisha mstari uliochorwa kwenye swichi na mfuo wa shafti, kisha kaza. Ukiiacha swichi ikidanganya, gari linaweza kuwaka likiwa kwenye gia.

Majaribio

Rudisha betri na kasha la klina. Kabari zikae, breki ya mguu ikanyagwe, mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma. Jaribu kuwasha katika kila nafasi, ukizima kila mara. Stata izunguke katika P na N. Ikizunguka katika R, D, 2 au L, kazi haijaisha, hata kama mteja ana haraka ya kurudi Nyansiongo kabla ya mvua.

Injini ikishapata joto, ikinguruma polepole na breki ya mkono imevutwa, hamisha leva kutoka N hadi D na usikilize gari likishika. Toyota huweka kikomo cha sekunde 1.2 kutoka N hadi D na sekunde 1.5 kutoka N hadi R. Rudia mara tatu, ukisubiri dakika moja kila unaporudi N. Kuchelewa zaidi ya hapo kunaonyesha presha ndogo, na sababu sasa iko ndani ya giaboksi wala si kwenye kebo uliyoipanga.

Jaribio la mwisho ni la P, nalo lifanywe kwenye mteremko wa kweli, wa angalau nyuzi 5, yaani unaoshuka kama sentimita 9 kwa kila mita. Keroka haina upungufu wa mahali hapo. Chagua pasipo na watu chini yake. Wewe mwenyewe ukae kwenye usukani. Simamisha gari, weka P, achia breki ya mkono, kisha inua mguu taratibu kutoka kwenye breki huku umeuweka tayari. Gari litasogea kidogo mpaka kidole kizame kati ya meno, halafu lisimame tuli. Geuza gari, urudie likitazama juu. Lisiposhika upande wowote, mteja hapewi ufunguo.

Yasiyokubalika

Kebo iliyochomoka kwenye pini hufungwa kwa waya au kwa utepe wa tyubu ya baiskeli ili gari lifike nyumbani, na ninaelewa kwa nini: usiku umeingia, mwenye gari yuko Ramasha au Chepilat, na spea iko mbali. Fundi akilazimika, aifunge kwa safari hiyo moja, amwambie dereva asiliache gari bila breki ya mkono na kabari, na aandike hivyo kwenye karatasi ambayo wote wawili wanatia sahihi. Lisipelekwe kubeba abiria asubuhi yake. Kuchomelea ncha ya kebo kwenye mkono hakukubaliki kwa hali yoyote, kwani joto la welding huharibu sili ya shafti, na siku ya kuitoa kebo hiyo mkono utakatwa pamoja nayo.

Kebo mpya ikikosekana, ya mtumba inaweza kufaa iwapo waya unateleza bila kukwama na bushi zimebadilishwa. Linganisha urefu na aina ya ncha zote mbili kabla ya kulipa. Kebo ya Corolla yenye gia za mkono, au ya modeli ya mwaka mwingine, inaweza kufanana machoni na kupungua sentimita mbili tu, na sentimita mbili hapa zinatosha kuupeleka mkono nafasi isiyo yake.

Andika kwenye daftari la gereji namba ya gari, kilomita zilizosomwa, kilichobadilishwa, na matokeo ya jaribio la mteremko pande zote mbili. Mwambie mwenye gari alirudishe baada ya wiki mbili. Siku hiyo ukague nati, utikise bushi, na ulijaribu tena kuwasha katika kila nafasi. Ikiwa nati imelegea, usiikaze hivyo ilivyo, kwani pini imekwisha kusogea kwenye ufa. Ilegeze zaidi, rudi mwisho wa P, na uhesabu mabonde mawili upya.